Ukakasi Ukweni

Jumatatu, 9 Juni
Murusagamba. Mgongo unauma. Maharage hayajapigwa. Lakini leo nimepata neno! Mkutanoni, ofisa mmoja kasema suala la mpaka wa shamba la kijiji lina ukakasi. Watu wote kimya. Mimi nikisimama kusema, wanapiga miayo. Ukakasi! Lazima ni kitu kizito. Nitalitumia Jumamosi kule Nyakisasa, tukienda kumposea Niyonkuru, mtoto wa marehemu kaka yetu. Tatizo ni kaka Leonidas. Kila posa, msemaji ni yeye.

Jumatano, 11 Juni
Kikao cha ukoo. Nikapuliza ugoro upande wa Leonidas, sauti imkauke. Upepo ukageuka. Nimepiga chafya mpaka machozi. Wazee wakadhani namlilia marehemu. Wakanipa usemaji! Leonidas kasema sawa, amechoka. Na mimi nimechoka. Lakini nimeshinda.

Jumamosi, 14 Juni
Vumbi njia nzima. Ukweni wakatupa pombe ya ndizi. Nikasimama. Nikasema binti yao Ishimwe tumemchunguza vizuri, ana ukakasi. Kimya! Nikanogewa. Nikaongeza kwamba ukoo wao wote una ukakasi, hata pombe yao.

Mama wa binti, Speciosa, akauliza kwa upole, “Mwanangu ana ukakasi gani, baba?”

“Wa kila namna, mama!”

Wakaondoa pombe. Sijamaliza yangu! Kumtazama Niyonkuru, kainamisha kichwa. Furaha yote ikaniisha.

Leonidas akapiga magoti. Na magoti yake yale mabovu! Akaomba radhi, akasema mdogo wake kaokota neno njiani na hajui linaliwaje. Baba wa binti akacheka, shingo upande. Posa imepokelewa, pamoja na faini ya mbuzi. Mbuzi wangu.

Jumapili, 15 Juni
Alfajiri mke wangu Tecla kanipa ndizi mbichi, kaniambia ning'ate. Ulimi ukawa kama gunia. Kasema huo ndio ukakasi, kaenda zake kuchota maji. Kumbe ofisa alimaanisha shamba lina walakini! Si angesema tu?

Niyonkuru kanipa shikamoo bila kunitazama. Imeniuma.

Kanisani nikasinzia mahubiri yote. Likanishtua neno moja la padri: mikwaruzano. Refu! Zito! Kanisa zima limetulia. Siku ya harusi nitawahi kusimama kabla ya Leonidas, niwatakie maharusi ndoa yenye mikwaruzano hadi uzeeni. Hapo Niyonkuru atanisamehe.