Kamera Yangu na Bembea za Gofu

Mudathir Kondo,
Kondo Video (Harusi, Kipaimara na Mahafali),
Mbagala, Dar es Salaam.
16 Agosti 1993

Ndugu Katibu wa Kamati ya Vifaa,
Klabu ya Gofu.

YAH: KAMERA YANGU KUKATALIWA KWA MAKOSA YA WACHEZAJI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu, na ukishakirejea ushuke tena huku chini, maana uchungu wenyewe uko huku.

Mimi ni mpiga video wa harusi. Kabla mambo hayajawa ruksa na bidhaa za nje kujaa madukani, Mbagala nzima kamera ilikuwa moja, nayo ilikaa begani kwangu. Bibi harusi hapandi gari mpaka niseme mimi. Siku hizi mtaani kwetu peke yake tuko wanne, na mmoja wetu ni kinyozi. Ndiyo maana nilipopata barua yako ya kutualika tulete kamera zijaribiwe, ili klabu ichague moja ya kurekodi na kuchambua uchezaji wa wanachama, nilimshukuru Mungu. Jumamosi mkamchagua mpiga video mwenzangu Projestus na kikamera chake kinachoenea kiganjani. Nimeumia, tena sana. Hoja zangu ni hizi:

1. Barua yako ilikuwa ya Kiswahili fasaha, na hapo ndipo mlipoanza kunionea. Iliniomba nirekodi "bembea za wanachama". Nilifika saa moja asubuhi, nikauliza bembea ziko wapi, mtunza bustani akanipeleka: ziko nyuma ya jiko, mbili, za minyororo. Nilirekodi hadi saa tano. Watoto wa wanachama wanabembea vizuri sana, na uchambuzi wangu wa kurasa tatu unaonyesha nani anakunja miguu mapema na nani bado anahitaji kusukumwa. Kumbe mlikusudia mtu azungushe fimbo apige kipira! Sasa hiyo nayo ni bembea, na mtu kasimama chini kwa miguu yake miwili? Kosa la mfasiri aliyeigeuza "swing" ya Kiingereza kuwa bembea lisibebeshwe kamera.

2. Nilipoletwa uwanjani nilimrekodi Mwenyekiti, Mzee Gaspar, kama ninavyomrekodi bwana harusi: viatu kwanza, kisha saa ya mkononi, kisha uso. Kamati inalalamika kuwa fimbo haionekani. Ndugu Katibu, fimbo haikunitazama. Mzee Gaspar alinitazama na akatabasamu, na katika kazi yetu anayetabasamu ndiye anayerekodiwa.

3. Mnasema kamera ya Projestus inaonyesha picha polepole, hata kiwiko kinapopinda mnakiona, na kwenye yangu fimbo inapita kama ukungu. Hapa nilikasirika. Wahenga walikataza haraka, hawakukataza kamera. Kama mnataka kuiona fimbo polepole, mchezaji aizungushe polepole! Nilimwomba Mzee Gaspar kwa adabu, shikamoo ikitangulia, apige kwa kuhesabu hadi ishirini. Akakubali. Picha ilitoka safi kabisa. Ni kweli kipira kilisogea hatua moja tu, lakini kilionekana mwanzo hadi mwisho, na wabebaji fimbo wameniambia kwamba vipira vyake vya siku nyingine havionekani tena.

4. Kutokana na hoja ya tatu, napendekeza kila mwanachama apige kwa hesabu ya ishirini. Kipira kiwe na ukubwa wa nazi. Mashimo nayo yasogezwe karibu na jengo, kwa sababu waya wangu wa umeme ni wa mita thelathini. Mkiona haya yanaharibu mchezo, basi uacheni mchezo wenyewe, wanachama wahamie kwenye zile bembea za nyuma ya jiko. Hakuna kipira cha kupotea, na uchambuzi wake mnao tayari.

5. Hili la tano mke wangu, Tunu, amenifutisha. Alipolisoma aliniuliza, "Baba Farida, we ulienda kurekodi au kuwafundisha watu gofu?" Nimelifuta, ingawa barua hii si yake.

Kwa hayo machache, naomba uamuzi utenguliwe. Kamera yangu imerekodi harusi mia mbili na kumi, na sijasikia bibi harusi hata mmoja akidai apunguzwe mwendo. Kilichopita kimepita. Sioni kwa nini watu wazima wakae mbele ya runinga wakirudisha nyuma jambo la kufumba na kufumbua.

Nisalimie Mzee Gaspar, kiwiko chake hakina neno. Nisalimie na mtunza bustani, wabebaji fimbo wote, na wale watoto, hasa yule wa kaptula nyekundu. Mwambie asiache kukunja miguu.

Wako katika ujenzi wa taifa kwa njia ya video,

Mudathir Kondo

Nilisahau: Jumamosi ijayo binti yetu Farida anaolewa, na ndiye huyo huyo mmoja tuliyejaliwa. Kama ile kamera ya Projestus haitakuwa na kazi, naomba mniazime kwa siku hiyo moja. Yangu nimeijaribu hapa nyumbani. Kutoka mlangoni kwetu hadi garini ni hatua tisa. Tunu alizitembea badala ya bibi harusi, nami nikarekodi. Nilipotazama mkanda, zilipita kama ile fimbo. Nataka za Farida nizione polepole.