Vitabu Kumi Kwenye Fulana

Habari haikuja gazetini, ilikuja kifuani mwa Bra Bunduki. Alitokea asubuhi kwenye benchi letu nje ya banda la Sis Noluvo la magwinya, yale maandazi ya kukaanga, mkabala na maktaba iliyofungwa, akiwa amevaa fulana mpya nyeupe iliyombana tumbo. Kifuani kulikuwa na picha ya diwani wetu ameshika kidevu, anafikiri. Kwa anayemfahamu diwani wetu, hiyo peke yake ilitosha kuwa habari.

"Msicheke kwanza," alisema Bunduki. "Yenyewe iko mgongoni."

Akageuka. Mgongoni kulikuwa na herufi kubwa: VITABU KUMI VYA UKOMBOZI AMBAVYO KILA MWEUSI LAZIMA AVISOME. Kisha vikafuata vitabu vyenyewe, cha kwanza kikiwa mabegani na cha kumi kikiwa kimezama ndani ya suruali.

"Cha kumi ni kipi?" aliuliza Tata Dibaji, ameinama na miwani yake.

"Kaa mbali na cha kumi, mzee."

"Si umesema ni lazima kisomwe?"

"Lazima, ndiyo, ila siyo hapo kilipo."

"Na vitabu vyenyewe wanagawa lini?" Huyo alikuwa Ushirika, mdomo umejaa gwinya.

"Vitabu ni awamu ya pili. Awamu ya kwanza ni fulana. Jumamosi kuna hema, kuna nyama, kuna spika. Diwani anazindua Kona ya Usomaji pale mlangoni pa maktaba."

"Mlangoni kwa nje au kwa ndani?"

"Ndani paa limeanguka, Ushirika. Unataka Mheshimiwa asome huku ananyeshewa?"

"Kwa hiyo tunazindua mlango."

"Tunazindua mlango, ndiyo."

Tata Dibaji alikuwa bado yuko mgongoni mwa Bunduki. Alinyoosha kidole kwenye mstari wa kwanza. "Jamani," alisema, "cha kwanza ni kile chetu. Kile cha Mzwabantu."

Sis Noluvo akaacha kukanda unga.

Hapa inabidi niwatambulishe hawa watu, maana majina haya hawakupewa na mama zao. Miaka ya hali ya hatari, enzi za makaburu, Mzwabantu, kaka yake Sis Noluvo, alipata kitabu kilichopigwa marufuku, kimechapwa ughaibuni na kuingizwa nchini chini ya magunia ya vitunguu. Akakikata vipande vinne kwa kisu cha mkate, akawagawia vijana wanne. Ndivyo ilivyofanywa siku hizo hapa Emaplangeni, lokesheni yetu, yaani mtaa wa weusi. Mtu akikamatwa, akamatwe na kipande, kitabu kibaki. Kila mmoja asome chake, wabadilishane, na Jumapili wakutane kwa Mzwabantu wakishone upya na kusoma mwisho wake kwa pamoja. Polisi walimchukua Mzwabantu kabla hawajabadilishana hata mara moja. Alifia mikononi mwao. Wale vijana kila mmoja akabaki na kipande chake, akaishi nacho.

Aliyepata dibaji ndiye huyu Tata Dibaji. Mpaka leo anafungua mikutano ambayo hakuna anayekuja kuifunga. Aliyepata sura za vita ni Bunduki, ambaye hajawahi kushika hata manati, lakini ukimwambia foleni ya pensheni ni ndefu atakwambia majadiliano yamefika mwisho. Ushirika alipata sura za mashamba na viwanda vya wananchi. Ameanzisha ushirika wa kuku, wa matofali, wa sabuni na wa majeneza, na huo wa mwisho tu ndio uliopata wateja, wakaja wote siku moja kudai michango yao. Wa nne alikuwa kijana mpole jina lake Zolani. Yeye alipata hitimisho. Ndiye huyo diwani, kifuani mwa Bunduki.

Mimi sikuwamo. Nimeoa tu mtaa huu, wananiita Mkwe, na kazi yangu kijiweni ni kusikiliza na kulipia chai.

"Mimi naona ni jambo jema," alisema Tata Dibaji akikaa. "Kwanza kabisa, kabla sijaingia kwenye hoja, ningependa kwa ufupi..."

"Usiingie, Tata. Baki hapo hapo mlangoni na Mheshimiwa," alisema Ushirika.

"Nasema vijana wetu hawasomi."

"Na wewe tangu kile kipande umesoma nini?" aliuliza Bunduki.

"Nimesoma mengi."

"Taja."

"Kwanza, ni lazima tuelewane neno kusoma lina maana gani."

"Ameshaanza. Mkwe, ongeza chai."

"Ukweli ni huu," alisema Ushirika. "Kilipokuwa haramu tulikisoma chini ya blanketi kwa kibatari, nusura tuchome nyumba. Walipokihalalisha tukanunua televisheni. Wale makaburu walikuwa wanajua kuhamasisha usomaji, tuwape haki yao."

"Mwombe diwani akipige marufuku tena," alisema Bunduki. "Wiki moja tu, lokesheni nzima itakuwa imehitimu."

Tukacheka, mimi nikacheka zaidi. Sis Noluvo hakucheka. Alifuta unga mikononi, akaja akasimama mbele yetu. Mama huyu ana sauti ndogo ambayo watu wazima huinamia ili waisikie.

"Amenipigia simu jana," alisema. "Anataka Jumamosi nikae mstari wa mbele. Nivae fulana. Kona wataipa jina la kaka yangu, na mimi nikate utepe."

"Na umesemaje, dada?"

"Nimesema nitafikiri. Bunduki, geuka nikuulize usoni. Mwisho wa kile kitabu unasema nini?"

Bunduki akageuka polepole. "Mwisho alikuwa nao Zolani."

"Najua nani alikuwa nao. Vipande vyenu vitatu nilivikusanya mimi baadaye, nimevishona kwa uzi wa magunia, nimevisoma mpaka nikachoka. Kila mwaka namwomba Zolani chake. Kila mwaka kiko mahali salama. Mzwabantu aliniambia nikiwa mtoto, nisubiri Jumapili, tutasoma mwisho wote. Sasa nikae mbele ya watu nimkatie utepe, na sijui kaka yangu alitaka tusome nini?"

"Si ununue kipya?" nilisema mimi. "Mjini kipo."

"Nimekiona mjini, Mkwe. Toleo jipya. Hitimisho wamelitoa. Mahali pake wameweka utangulizi wa waziri, na picha yake."

"Utangulizi mwishoni?" Tata Dibaji aliumia kweli kweli. "Huo ni utovu wa adabu."

"Zolani amekuwa akitunukulia lile hitimisho miaka yote," alisema Ushirika. "Si mnakumbuka? Maji yalipokatika: wenzangu, hitimisho linasema mapambano ni uvumilivu. Umeme ulipokatika, uvumilivu. Paa la maktaba lilipoanguka?"

"Uvumilivu," tukajibu wote, maana ndivyo tulivyozoea kujibu mikutanoni.

"Mimi nilishangaa," alisema Bunduki. "Sura zangu zinasema twende tukachukue. Halafu hitimisho linasema tukae. Nikajua mwandishi alizeeka katikati."

Hatukumsikia diwani akija. Gari lake jipya halina sauti, na nadhani ndiyo sababu alilinunua. Alishuka na koti lake na tabasamu lake, amebeba kitu bapa kilichofunikwa kitambaa.

"Wenzangu," alisema. "Naona fulana imekukaa, Bunduki."

"Imenikaa kooni, Mheshimiwa."

"Sis Noluvo, nimekuja mwenyewe. Sikutaka tumalizane kwenye simu." Akaondoa kitambaa. "Nimekuletea uone kabla ya Jumamosi. Tutakitundika pale pale mlangoni."

Ilikuwa fremu yenye kioo na ukingo wa dhahabu ya kupaka. Ndani yake, juu ya kitambaa cha kung'aa, kulikuwa na kipande cha kitabu kilichokatwa kwa kisu cha mkate. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Ukurasa wa juu ulisomeka neno moja, Hitimisho.

Nilimwona Sis Noluvo akitazama ile alama ya kisu, jinsi ilivyopinda pembeni. Nadhani aliijua. Aliishika fremu kwa mikono miwili, akaigeuza kifudifudi kwenye meza ya unga, akaanza kuzipinda pini za nyuma kwa kisu chake.

"Dada, taratibu, hiyo imetengenezwa mjini," alisema diwani.

Kioo kilitoka. Akakichukua kile kipande, akafungua ukurasa wa kwanza, akataka kufungua wa pili. Haukufunguka. Akajaribu wa mbele yake. Nao ulikuwa umeshikana na mwenzake ukingoni, na mwingine, na mwingine, mpaka mwisho.

"Gundi?" niliuliza.

"Siyo gundi," alisema Ushirika, naye alikuwa amesimama. "Kilichapwa haraka haraka, karatasi zikakunjwa, hawakukata kingo. Ilibidi ufungue mwenyewe. Mimi changu nilifungua kwa wembe wa baba wa kunyolea, nikachapwa kwa ajili ya wembe, siyo kwa ajili ya kitabu."

"Mimi kwa kijiko," alisema Bunduki. "Ndiyo maana kimechanika."

Kila mtu alikuwa anapiga hesabu ile ile kichwani, hata Tata Dibaji, ambaye huwa haanzi na hesabu.

"Mheshimiwa," alisema Bunduki kwa upole wa kutisha, "hili hitimisho ulilisomea kwa nje?"

Diwani aliitazama fremu tupu. Tabasamu lilikuwa limeondoka, na kwa mara ya kwanza nilimwona yule kijana mpole waliyenisimulia.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," alisema. "Nilikichomeka juu ya dari. Asubuhi nikasikia wamemchukua. Kila nikilala nikawa nakisikia kule juu. Sikuweza kukigusa, Noluvo. Niliogopa."

"Hilo naliamini," alisema Sis Noluvo. "Wote mliogopa. Nisingekulaumu. Lakini uvumilivu uliutoa wapi?"

Diwani akaokota kitambaa chake, akaanza kukikunja.

"Ungesema umeogopa tungekuelewa," alisema Ushirika. "Badala yake umetukalisha gizani miaka yote kwa kitabu ambacho hukukifungua."

"Nilidhani ndivyo kinavyosema," alisema diwani. "Vitabu vingi huishia hivyo."

"Vingi vipi?" aliuliza Bunduki akigeuza mgongo. "Nionyeshe hapa."

Sis Noluvo hakuwa anawasikiliza tena. Alikaa kwenye benchi, akaingiza ncha ya kisu kwenye mkunjo wa kwanza, akapasua polepole kama anayefungua samaki asiyetaka kumharibu. Akapasua wa pili. Alipomaliza wote alivuta pumzi, akasoma kimoyomoyo, na uso wake ukabadilika nisijue kama anataka kulia au kucheka.

"Hakuna hitimisho," alisema.

"Kivipi hakuna?"

"Ni maswali. Kurasa zote ni maswali, na nafasi ya kuandika majibu. Hapa juu mwandishi ameandika: Kitabu hiki hatuwezi kukimaliza sisi. Kaeni pamoja mkimalize ninyi. Kisha swali la kwanza."

"Soma, dada," alisema Tata Dibaji, bila kuongeza neno, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Akasoma. "Tazameni waliokaa hapa. Nani hayupo? Na nani amekaa mahali pake?"

Alilisoma swali mara ya pili, sauti ikamkatika kwenye hayupo. "Mzwabantu," alisema, akajibu kama mtoto aliyeitwa darasani. Alilia, wazi, mbele yetu, bila kujifuta, na hakuna aliyejua mikono yake aiweke wapi. Sehemu ya pili ya swali hakuna aliyeijibu. Tuligeuza tu vichwa kumtazama diwani.

Diwani akatazama simu yake. "Nina kikao manispaa," alisema. "Lakini hili ni zoezi zuri sana. Endeleeni. Muhtasari mtanitumia."

"Tutakutumia," alisema Bunduki. "Utauweka kwenye fremu."

"Na Jumamosi, Sis Noluvo?"

"Jumamosi nakaanga. Jina la kaka yangu usiliweke kwenye mlango ambao haufunguki."

Gari likaondoka bila sauti. Hapo kijiwe kikachangamka. Bunduki aligongana viganja na Ushirika. Tata Dibaji alisema amekuwa akimshuku Zolani tangu mwanzo, na angetueleza mwanzo huo ulikuwaje. Walimchambua, wakamkaanga, wakamgeuza upande wa pili. Mimi nilikuwa nimeshaagiza chai nyingine, maana asubuhi tamu kama ile hatukuwahi kuipata.

"Swali la pili," alisema Sis Noluvo.

Tukanyamaza kwa heshima, tukisubiri diwani aongezewe.

"Nani kati yenu anaongea kuliko wote? Aseme amefanya nini."

Bunduki alikuwa wa kwanza kukumbuka kwamba ameacha bomba la maji linavuja nyumbani. Maji yenyewe yalikuwa yamekatika tangu juzi. Ushirika akasema kuna watu wa majeneza anapaswa kuwaona. Tata Dibaji aliinuka bila utangulizi wowote. Mimi nikasema mke wangu ananiita, ingawa mke wangu yuko kazini mjini mpaka jioni.

"Kaeni," alisema Sis Noluvo, macho kwenye ukurasa.

Tukakaa. Kisu alikuwa bado hajakiweka chini.