Malalamiko Kuhusu Kompyuta Inayotujulia Hali

Kikosi cha Nne cha Wakata Miwa,
Shamba la Lumbanga,
Ifakara.
14 Agosti 1998

Ndugu Meneja Utumishi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Tunaishukuru kampuni kwa kompyuta ya ustawi wa wafanyakazi. Zamani hakuna aliyetuuliza hali. Sasa tunaulizwa kila Jumatatu, tena kwa umeme. Hata hivyo wenzangu wamenituma nilalamike, kwa heshima zote:

1. Kompyuta inauliza, "Habari za kazi?" Kila mtu anabonyeza "Nzuri." Ulitaka tujibuje, Ndugu Meneja? Hata mtu anayetoka kuzika husema nzuri kwanza, kisha ndipo aseme "ila". Kompyuta haingoji "ila". Inaandika "Asante" na kumwita mwingine.

2. Kwa majibu hayo ukatangaza kwamba wafanyakazi wote mia tatu na kumi na wawili ni wazima, ukafunga chumba cha huduma ya kwanza. Muuguzi wetu, Mama Kandida, sasa yuko stoo anatunza magunia. Magunia yanaendelea vizuri.

3. Jumanne ya wiki iliyopita mwenzetu Yoramu alijikata mguu kwa panga. Tulimfunga kwa shati langu, tukampakia kwenye baiskeli hadi Ifakara, saa tatu za vumbi, anamwita mama yake njia nzima. Niliogopa sana. Lakini kwa kuwa jana yake alibonyeza "Nzuri", katika kumbukumbu zenu mguu ule ni mzima.

4. Tunasikia mwakani kompyuta itatushauri tupumzike. Itatushauri saa ya chakula, maana ndiyo saa tunayopanga foleni mbele yake.

Kwa hiyo tunaomba mashine iondolewe, Mama Kandida arudishwe, na wewe mwenyewe uje utuulize kwa mdomo. Mtu kwa mtu hatufichani.

Wasalimie mama na watoto, karani wa kompyuta, na kompyuta yenyewe.

Mimi mfanyakazi wako, mwenye furaha iliyothibitishwa,
Leodegar Egidius

Tanbihi: Barua hii ilikuwa bado mfukoni ulipopita shambani jana. Ulishusha kioo cha gari ukamuuliza Yoramu, aliyekuja kutusalimia akitembelea gongo, habari za mguu. Akasema, "Nzuri, mzee." Kabla hajaendelea, dereva akatia gea. Basi kompyuta ibaki. Yenyewe angalau haina gari. Yoramu alitaka kukuambia kwamba kidonda kimeanza kunuka.