Hasi Tatu Mara Hasi Nne

Jumatatu, 3 Februari

Nimeshtuka. Kumbe kuna namba zilizo chini ya sifuri! Miaka yote nilidhani sifuri ndiyo mwisho wa safari. Binti yangu, aliyeanza kidato cha kwanza mwezi uliopita, kaniletea kazi ya nyumbani ya hisabati: hasi tatu mara hasi nne. Tangu yuko chekechea nimekuwa nikimwambia kwamba enzi zangu shuleni waliniita Kikokotoo. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia hasi kumi na mbili, bila shaka, maana ukizidisha baya kwa baya unapata baya kubwa zaidi. Akaandika kwa wino. Mama yake akakohoa. Hana mafua.

Jumanne, 4 Februari

Makosa matupu, ukurasa mzima mwekundu. Nilijua binti atanikasirikia. Hakunikasirikia, na hapo ndipo niliposhtuka zaidi. Kamwambia mwalimu mbele ya darasa kwamba aliyekosea ni yeye mwalimu, kwani baba ni Kikokotoo. Ijumaa kuna mtihani. Akishindwa anahamishiwa darasa la wanaosuasua, na kaapa habadilishi jibu.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, anauza dawa na huvaa koti jeupe hata akija kunywa chai kwetu. Alijaribu kumwelekeza. Binti akamjibu kwa adabu kwamba asante mjomba, lakini baba kasema vingine. Nilifurahi. Kisha nikaona aibu kwa kufurahi. Mke wangu ananiambia nikiri tu kwamba sijui. Mbele ya Shemeji? Thubutu.

Jumatano, 5 Februari

Nina mpango. Mimi ni kinyozi, na mwalimu ana kichwa kama watu wengine. Nilimtuma binti amwalike aje kunyolewa bure. Nia yangu: nimbembeleze akubali majibu yote mawili.

Alikuja jioni, mpole, nywele tele. Nilianzia mbali. Mvua, mpira, halafu hasi. Akacheka, akanionyesha shuka nililomfunga, lenye jina la duka kifuani na mgongoni. La kifuani, kwenye kioo cha ukutani, lilisomeka kinyumenyume. Akaniomba nishike kile kioo cha mkononi nyuma yake. La mgongoni, likipitia vioo viwili, likasomeka sawasawa. Pindua mara moja, imegeuka. Pindua tena, imerudi. Hasi mara hasi ni hivyohivyo, kasema, ndiyo maana jibu ni kumi na mbili chanya.

Maisha yangu yote ya kazi nakishika kioo kile! Nilipigwa na butwaa, mashine ikiwa bado inanguruma mkononi. Ikapanda kutoka kisogoni hadi utosini, ikaacha barabara.

Mwalimu akaomba kioo cha mkononi aone nyuma. Nikasema kimevunjika. Akasema kilikuwa kizima sasa hivi. Nikasema vioo ndivyo vilivyo. Nikamzawadia kofia yangu, nikamsindikiza hadi mlangoni.

Alhamisi, 6 Februari

Binti kasema mwalimu kafundisha siku nzima akiwa na kofia kama yangu. Nikasema kofia huwa zinafanana. Nikamkalisha kwenye kiti cha duka, nikamfunga shuka, nikamwonyesha vioo. Kuhusu ile hasi kumi na mbili, nikamwambia nilikuwa nampima tu. Akaelewa papo hapo, hata chai haijapoa. Akauliza nimeipata wapi njia nzuri namna hii. Ningeweza kusema. Nikasema nimeibuni mwenyewe. Akaniangalia kwa macho ambayo sikuyastahili, nami nikayapokea yote.

Ijumaa, 7 Februari

Kapata yote! Haendi kwa wanaosuasua, anabaki na wenzake. Laiti habari ingeishia hapo. Mwalimu alimuuliza ni nani kamwelewesha. Kajibu kwa sauti kwamba ni baba, na vioo kavibuni baba. Mwalimu akavua kofia, akageuka kuandika ubaoni. Darasa zima likaiona barabara.

Binti kaingia nyumbani taratibu, kaniletea salamu: mwalimu anauliza kama kile kioo kimepona. Nilingoja anipigie kelele. Hakupiga. Kasema tu, “Baba, si ungesema hujui? Tungejifunza wote.”

Nililia kidogo bafuni, bomba likiwa wazi ili wasisikie. Nimeapa. Kuanzia leo nisichokijua nitasema sikijui, hata aje nani.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeshtuka upya. Wameingiza herufi kwenye hesabu! Eti tafuta x, kana kwamba mimi ndiye niliyeipoteza. Binti akaniuliza, kwa upole sana, kama naijua. Neno “sijui” lilishafika kwenye meno. Mlango ukafunguliwa, Shemeji akaingia na koti lake, akavuta kiti, akatega sikio.

Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba x ni tano, siku zote, tangu enzi zetu. Mke wangu akakohoa. Binti akatabasamu, akaandika tano. Kwa penseli.

Maskini, wino umemwishia. Jumatatu nitamletea kalamu mpya.