Geti la Simba, Misumari ya Kitanda

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Naguru, kambi ya polisi, nyumba ya dada yangu Santa. Mvua asubuhi, jua mchana, na mimi sijakaa chini tangu chai. Nimekwenda ubaoni mara sita.

Ubao uko nje ya kantini. Hapo Afande Alanyo amebandika ratiba ya kikosi chetu cha skauti. Jumamosi hii: ukaguzi, anakuja Kamishna wa skauti wa wilaya. Ijumaa tarehe 12: kambi ya siku tatu kando ya ziwa. Tarehe 27: kuzibua mitaro Bwaise kabla mvua kubwa haijaja. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: Kiongozi wa Kambi, atatajwa.

Atatajwa! Kama vile hatujui. Goti la Afande limekataa kulala kwenye hema, kwa hiyo lazima apatikane mtu. Mtu gani? Mimi Okwera nimetembea dunia. Nimekaa Juba. Nimelinda geti la hoteli Dubai miaka miwili, na matajiri walioingia waliniita kwa jina. Walikosea jina, lakini waliniita.

Mpinzani ni mmoja tu, Nashon Masinde, Mkenya mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale chini. Alianza skauti akiwa mtoto huko Busia, na ana picha amevaa kaptula. Mimi pia ni skauti wa zamani. Wa moyoni.

Afande amekata shauri hivi: Nashon ana kundi la Nyuki, mimi nina Simba. Kundi likipata alama nyingi Jumamosi, mkubwa wake anaongoza kambi. Kundi likikosa hata nusu ya alama, lori linaliacha hapahapa Naguru.

Nimeongeza kitu kidogo kwenye ratiba, juu ya maandishi fulani madogo ambayo hakuna anayeyasoma. "Jumapili tarehe 28: Mhadhara. Dunia Nilivyoiona. Na Mkubwa Okwera." Watoto wanahitaji.

Jumanne, 2 Septemba

Mhadhara umekufa! Afande Alanyo ni sajini mstaafu, hafuti kwa kalamu. Anabandika karatasi nyingine juu, basi. Akaniambia kwamba katika miaka thelathini ya kazi hajawahi kumfungia mtu mahali amsikilize Okwera, na hataanza na watoto.

Habari kubwa lakini: kazi ya ukaguzi ni kujenga geti la kambi. Miti ya mikaratusi na kamba, kitu kingine hakuna. Geti! Nilicheka mpaka Santa akauliza nimemeza nini. Miaka miwili nimesimama kwenye geti!

Nikawakusanya Simba. Wako saba. Kiongozi wao ni Lakica, miaka kumi na mitatu, msichana anayetumia maneno kama mtu anayepima sukari. Akaniuliza, mjomba, pembeni tunafunga fundo gani? Nikamwambia fundo la Dubai. Akauliza linafungwaje. Nikaangalia saa.

Baba yake ni konstebo, amepelekwa kazini Karamoja, na yeye anakaa na shangazi. Akaniambia ziwa analiona kutoka hapa juu siku ambayo hakuna ukungu, linang'aa kama bati jipya, lakini hajawahi kuligusa. Nikasema, Ijumaa tarehe 12 utaosha miguu humo, neno la Okwera.

Nilisema bila kufikiri. Sasa neno lenyewe linanifuata mpaka chooni.

Jumatano, 3 Septemba

Geti limeanguka mara nne. Mara ya tatu liliangukia mbuzi wa mke wa OC, mkuu wa kituo. Mbuzi mzima, bambi, maskini, ila sasa akiniona anahama.

Lakica anataka kufunga polepole. Anahesabu kila mzunguko wa kamba kwa sauti. Nikamwambia dunia ya leo ni ya mwendo. Akaanza tena kuhesabu, kwa sauti ndogo.

Sikuweza kutulia. Nikaenda kupeleleza Nyuki, ambao wanajengea nyuma ya duka la Nashon. Nikajifanya napita kwenda Kibuli kumwona mgonjwa. Nikapita, nikarudi, nikapita. Mara ya tatu Nashon akatoka nje na kuuliza mgonjwa gani huyo wa kuangaliwa kila dakika kumi. Akanikalisha, akanipa chai, akasema akipata nafasi kesho atanionyesha namna ya kufunga pembe, si kazi ngumu.

Wivu mtupu! Anataka tu nijue kwamba anajua. Nikaondoka na heshima yangu. Kofia niliisahau.

Alhamisi, 4 Septemba

Limeanguka tena. Mara mbili, na hakukuwa na upepo.

Kisha wazo! Liliniingia nikiwa nimesimama, maana kukaa siwezi. Dubai sikuona kitu hata kimoja kilichofungwa kwa kamba. Kila kitu kilipigiliwa. Sasa, msumari ukikaa chini na kamba ikazungushwa juu, nani atauona?

Duka la karibu ni la Nashon, kwa hiyo nikaenda kwa Nashon. Nilivaa uso wa mtu mwenye matatizo ya nyumbani. Nikaomba misumari ya inchi nne, nikamwambia ni ya kitanda. Akauliza kitanda cha watu wangapi. Nikasema mmoja, ila anageuka sana.

Akanipimia. Akaangalia viganja vyangu, vimechubuliwa na kamba. Akasema polepole kwamba hata kitanda kinaweza kufungwa kwa kamba kikakaa, kama mtu akifundishwa, na kwamba yeye yuko dukani mpaka jioni.

Maskini Nashon! Hajashuku kitu.

Ijumaa, 5 Septemba

Watoto walipokwenda kula posho na maharage, nikachukua nyundo ya Santa, nikaifunga kitambaa kuzima kelele, nikapiga. Kila pembe misumari miwili. Juu yake kamba, nyingi, kama bandeji. Loo! Hilo ni geti. Fahali anaweza kujikunia hapo.

Lakica akarudi. Akalisukuma kwa mkono. Akalisukuma kwa bega. Akauliza nani amefunga. Nikamwambia ni roho ya Simba. Akaangalia kamba muda mrefu, akasema, mjomba, hili ni fundo la viatu.

Lakini akacheka! Mara ya kwanza namwona akicheka. Akaniambia ameshamuaga shangazi, na taulo ameazima kwa jirani, liko tayari ndani ya begi.

Wiki nzima kabla ya safari! Nikajisikia vibaya kidogo. Nikala rolex mbili, zile chapati za mayai, uchungu ukapungua.

Santa anauliza nyundo yake iko wapi.

Jumamosi, 6 Septemba

Niandike haraka kabla sijabadilisha mambo.

Kamishna alifika saa tatu kamili. Mtu mfupi, viatu vinang'aa. Skauti wanasalimiana kwa mkono wa kushoto. Mimi nikatoa wa kulia, nikakumbuka, nikatoa wa kushoto, mwisho nimemshika kwa yote miwili kama bwana harusi.

Geti la Nyuki zuri, ila limeinama kidogo. Geti la Simba wima! Kamishna akaning'inia hapo, miguu hewani. Halikutikisika. Akasema hajawahi kuona watoto wakikaza kamba hivi. Nyuki thelathini na nane katika hamsini. Simba arobaini na tatu!

Nikalisikia lori likinguruma kichwani mwangu. Nilishachagua na kiti, mbele, karibu na dereva.

Kisha Kamishna akasema bado sehemu ya mwisho. Skauti akiondoka huacha mahali kama alivyopakuta. Makundi yafungue mageti yao, dakika tano.

Hakuna aliyeniambia! Afande akasema iliandikwa ubaoni tangu Jumatatu, pale pale nilipopachika mhadhara wangu.

Nyuki wakavuta kamba, vup, vup, miti ikalala chini kwa mstari. Simba nao wakafungua, kamba moja baada ya nyingine. Kamba zote zikawa chini.

Geti limesimama.

Uchi kabisa. Hata mti mmoja haukulala. Mbuzi wa OC akasogea kuangalia.

Kamishna akalizunguka mara moja. Akagusa kichwa cha msumari kwa kidole. Akauliza kiongozi wa kundi ni nani. Lakica akapiga saluti. Akasema, Kamishna, misumari siijui, lakini kundi ni langu, kwa hiyo na geti ni langu.

Kamishna akashusha kalamu kuandika sifuri. Mimi nikaona taulo. Taulo tu, la kuazima, limekunjwa ndani ya begi.

Miguu ikatoka yenyewe. Nikasema yote. Misumari yangu, nyundo ya Santa, posho na maharage, watoto hawakuwepo. Nikasema hata ambayo sikuulizwa, kwamba skauti sijawahi kuwa, na kwamba Dubai waliniita Oliver. Afande Alanyo akafumba macho.

Nashon naye akasimama. Nikajua nimekwisha. Akasema ni kweli, yeye ndiye aliyeniuzia, peke yangu, hakuna mtoto aliyekuwa nami. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama kitanda kimenilaza vizuri.

Walicheka! Mpaka mke wa OC. Mpaka Kamishna, ambaye alijifanya anakohoa.

Hukumu: Simba wajenge upya, dakika ishirini, kamba tu, na mimi nikae hatua hamsini mbali. Nikawekwa karibu na tangi la maji, Santa akinilinda, amevaa sare zake za polisi. Dakika ishirini nimekaa! Mwaka huu sijakaa hivyo. Nilimsikia Lakica akihesabu mizunguko, kwa sauti kubwa sasa. Geti likasimama limeinama kama mlevi anayesikiliza siri. Lakini lilisimama. Na lilipofunguliwa, lilianguka. Sikujua kwamba mtu anaweza kufurahia geti kuanguka.

Ishirini na sita katika hamsini. Lori linawachukua.

Jumapili, 7 Septemba

Karatasi mpya ubaoni. Kiongozi wa Kambi: Nashon Masinde. Chini: "Okwera: kuni, maji, masufuria."

Nakwenda! Na ukisoma vizuri hizo ni wizara tatu. Nashon amepewa moja.

Lakica alipita baada ya kanisa na kipande cha kamba. Akanifundisha fundo la pembe. Nililifunga vizuri sana, tatizo kidole changu kilikuwa ndani, na kiti pia. Akasema mjomba tuna mpaka Ijumaa. Nikampa taulo langu, jeupe, zito, lina jina la hoteli ya Dubai. Nilimwambia akiulizwa, ni zawadi. La jirani alirudishe.

Nikarudi ubaoni. Siku ya pili ya kambi, viongozi nao watashindana: kujenga kichanja cha kukaushia vyombo. Kamba tu. Na masufuria ni ya nani? Ya wizara yangu!

Nimetembea mchana kutwa nikifikiri, na kosa langu nimeliona. Msumari una kichwa. Kichwa kinaonekana. Gundi haina kichwa.

Duka la karibu ni la Nashon. Kesho nampitia mapema. Nitamwambia ni ya viatu.