Kituo cha Ulinzi wa Kiroboti, Chumba Namba Tatu

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, uliyekubali kuacha kazi zako nyingi na kukalia kiti chenye mguu mmoja mfupi. Waheshimiwa wakuu wa vitengo, makaimu wao, na wale wanaokaimu nafasi za makaimu. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Michezo na Ustawi wa Watumishi. Ndugu Katibu wa Kamati hiyo, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe. Wachezaji wenzangu wa timu ya gemu ya Idara ya Majengo na Matengenezo. Bibi Mafaili wa masjala, mama yetu sote. Wageni waalikwa, pamoja na wale ambao hawakualikwa ila wamesikia kuna soda: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu sijamtaja, ajihesabu ametajwa. (Makofi ya hapa na pale. Sauti kutoka nyuma: "Soda ziko wapi?")

Soda ziko kwenye mchakato. (Manung'uniko.)

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, nimesimama hapa kujibu swali moja tu, uliloliandika kwa mkono wako mwenyewe, nalo ni hili: je, Chumba Namba Tatu cha chini, hapa jirani na ukumbi huu, kilichokuwa masjala mpaka miezi mitano iliyopita, kiendelee kuwa Kituo cha Mafunzo ya Ulinzi wa Kiroboti ninachokisimamia mimi, au kirudishwe kwa Bibi Mafaili, ambaye tangu wakati huo anafanyia kazi ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake bado inafanyiwa upembuzi yakinifu? Swali hilo nitalijibu kikamilifu. Ila kwanza nitatoa historia, kwa sababu katika miaka yangu ishirini na sita ya utumishi sijawahi kujibu swali bila historia, na kwa umri huu sioni sababu ya kuanza. (Bibi Mafaili, kutoka kiti cha karibu na mlango: "Mwanangu, jibu tu tuondoke. Mimi nikishakaa, kuinuka ni shughuli.")

Bibi, nakuheshimu sana, na shikamoo yako nimekupa pale mlangoni mbele ya mashahidi, lakini historia ina taratibu zake.

Kama mnavyokumbuka, Kamati iliidhinisha mashindano ya gemu baina ya idara, ile gemu ya timu ambamo watu watano wanapambana na watano kwenye skrini, upande mmoja unasukuma mzigo na upande wa pili unauzuia usifike, na kila mchezaji anajichagulia mhusika wake. Dereva wetu alimchagua yule anayekimbia ovyo, na hilo halikumshangaza yeyote aliyewahi kupanda gari naye. Dada wa mapokezi alimchagua tabibu, anayewaponya wenzake wakipigwa. Fundi umeme na fundi bomba waligombania mwenye bunduki ndefu mpaka wakanuniana. Mimi, baada ya tafakuri ya kina, vikao viwili vya mashauriano na wokshopu moja, nilimchagua Roboti Mlinzi, kwa sababu ndiye mhusika pekee katika gemu nzima anayefanya kazi akiwa amekaa. (Vicheko.)

Msicheke, jambo hili ni la kitaalamu. Roboti huyu akifika mahali pake hujikunja, miguu ikaingia ndani, mwili ukageuka bunduki kubwa, ngao ikasimama mbele yake, na kuanzia hapo hasogei hata umwite vipi. Nilipomwona kwa mara ya kwanza kwenye picha ya boksi nilisisimka, nikasema moyoni, huyu ni mtumishi wa umma. (Vicheko vikubwa. Mkurugenzi Mkuu anajifuta miwani.)

Hapo ndipo likazaliwa wazo la Kituo, lenye visheni, misheni na rodimapu ya miaka kumi. Kwa mujibu wa takwimu nilizozikusanya mwenyewe na kuzihakiki mwenyewe, katika kipindi cha miezi mitano Kituo kimetoa saa mia nne thelathini na mbili za mafunzo, kimeongeza kapasiti ya ulinzi kwa asilimia mia moja na nne, na kimewafikia wadau elfu mbili, idadi ambayo, kwa wale wanaopenda kuhesabu, ni kubwa kuliko watumishi wote wa jengo hili, na hiyo inaonyesha wazi impakti ya mradi. (Fundi bomba: "Mzee, mbona sisi hatujawahi kuingia humo?") Hamkuingia kwa sababu mafunzo ya ulinzi ni nyeti. (Fundi bomba: "Mlango una pazia!") Pazia nalo ni sehemu ya ulinzi.

Sasa nije kwenye mchezo wenyewe wa Jumamosi, uliofanyika kantini, ambao watu wenye nia mbaya wanasema tulichapwa. Sikatai kwamba tulifungwa mizunguko mitatu kwa sifuri. Ninachokataa ni tafsiri. Kwa mujibu wa mpango mkakati nilioupitisha, Roboti alitakiwa kulinda Eneo la Kimkakati Namba Moja, yaani ile korido ya nyuma ya ghala, na nataka iingie kwenye kumbukumbu kwamba katika mizunguko yote mitatu, hakuna adui hata mmoja aliyepita korido ile! (Dereva, akisimama: "Hawakupita kwa sababu mzigo ulikuwa barabarani, Mzee! Nilikuita mpaka sauti ikakauka! Nilisema njoo huku, tunamalizwa!") Ulisema, Ndugu Dereva, na mimi nilikujibu nini? (Dereva: "Ulisema niandike barua!") Barua, kupitia kwa mkuu wako wa kitengo, ikionyesha eneo unalotaka ngao ihamishiwe, muda, na sababu za msingi. Ungeiandika, ngao ingekuja. (Dereva: "Nilikuwa nimeshakufa!") Kuna fomu ya waliokufa. (Vicheko, miluzi. Dada wa mapokezi anainamisha kichwa mezani, mabega yakimtikisika.)

Ndugu zangu, naomba niweke karatasi pembeni kidogo niseme la moyoni. Nimekaa ofisini miaka ishirini na sita nikipitisha majalada, na sijawahi kujua kama yanakofika yanamsaidia mtu. Siku ile, kwenye korido ile, nilikuwa na ngao mbele yangu na kazi moja inayoeleweka. Nilifurahi. Nilijiona mtu anayelinda kitu, hata kama hakikuwepo kitu cha kulinda.

Narudi kwenye karatasi. Ukurasa wa saba. (Watu: "Aaaah!")

Nimesikia malalamiko ya Bibi Mafaili na nimeyafanyia kazi kwa kuyafungulia jalada. (Bibi Mafaili: "Jalada hilo nimelipokea mimi, kule juu. Nimepanda nalo. Ngazi sitini na nane, mwanangu, mara nne kwa siku, na goti langu la kushoto limevimba kama unavyoliona. Daktari ameniambia nichague, ngazi au kazi. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Sitaki kuumalizia nikiwa kitandani.") (Sauti nyingi: "Kweli kabisa!") Bibi, limenigusa. Naahidi mbele ya hadhara hii kwamba Kituo kitaunda taski fosi ya goti, itakayokaa ndani ya siku tisini, itakayotoa mapendekezo ya awali, yatakayopelekwa kwa wadau kwa ajili ya fidibeki, na baada ya hapo, rasilimali zikiruhusu, ngazi moja au mbili zinaweza kupunguzwa. (Mkurugenzi Mkuu anatazama saa yake. Anaitazama tena.)

Naona Mheshimiwa anafuatilia muda kwa makini, basi naruka ukurasa wa nane hadi wa kumi na tisa, naingia kwenye kaulimbiu. Nikisema "Ulinzi", mnajibu "Imara". Ulinzi! (Watu wawili: "Imara.") Roboti! (Watu: "Hatujamwona!") Ngao juu! (Watu wote, wakipiga meza: "Mafaili chini! Mafaili chini!") Hiyo siyo iliyoandikwa hapa, lakini ari yenu nimeipenda.

Nimalizie kwa shukrani, maana mtu asiyeshukuru mimi huwa namshangaa. Namshukuru kipekee Dada wa mapokezi, ambaye Jumamosi ile, dakika tano kabla ya mchezo, alinionyesha kwa upole padi ya kuchezea inashikwa upande gani na kitufe cha kukaa ni kipi, kwa kuwa ilikuwa mara yangu ya kwanza kuishika. (Minong'ono.) Namshukuru Fundi umeme, aliyenieleza tangu siku ya kwanza kwamba Chumba Namba Tatu hakina soketi hata moja, hakijawahi kuwa nayo tangu jengo hili lijengwe, na hivyo hakiwezi kuwasha hata redio, achilia mbali gemu, na akanitunzia siri hiyo kwa miezi yote mitano kwa uungwana mkubwa. (Fundi umeme: "Mzee, hiyo si ulisema hutaisema?") Namshukuru pia Seremala wa idara kwa kochi lile la watu watatu, kifaa cha kwanza na cha pekee cha Kituo, ambalo limenipumzisha kila siku kuanzia saa nane mchana, kwa jumla ya saa mia nne thelathini na...

(Watu wanatazamana.)

...na mbili. Ambazo, kwa lugha ya kitaalamu, tunaweza kuziita mafunzo ya kukaa mahali pamoja bila kusogea.

(Mkurugenzi Mkuu anasimama, anavua koti, analitundika kwenye kiti chenye mguu mfupi. "Vijana, twendeni ghorofa ya nne. Kila mtu ateremke na boksi. Na wewe, Katibu, weka hiyo karatasi, utabeba mawili.")

Mheshimiwa, nimepokea maelekezo. Asanteni kwa kunisikiliza, na Kituo, kama mlivyosikia, sasa... Bibi, mbona umeinuka? Keti, tafadhali, goti.

(Bibi Mafaili ameshafika mlango wa Chumba Namba Tatu. Anafunua pazia, anachungulia, anacheka peke yake. Halafu anageuka na kusema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: "Mafaili yawekwe ukutani kama zamani. Kochi msiliguse. Libaki hapo hapo lilipo.")