Goti la Kushoto na Jiwe la Mimbari

Jumapili, 1 Desemba 1974

Natangaza rasmi, nikiwa na akili timamu na tumbo lililojaa kabichi chachu, kwamba goti langu la kushoto litaanza kuuma kesho saa nane mchana. Bado halijaanza. Leo limepanda ngazi za kambi na mifuko miwili ya viazi bila kunung'unika.

Sababu ninayo. Mwaka wa ishirini na mbili huu nakuja kambi hii ya kuwinda kulungu kwenye milima ya Potter, na miaka yote hiyo nimekuwa mswagaji. Tuko kumi na wawili. Kwenye msako, saba tunajipanga mstari chini bondeni, tunapanda vichakani tukipiga kelele, tunawaswaga kulungu kwenda juu. Wanne wamekaa huko juu vituoni, makoti makavu, kahawa mkononi, wanangoja tunachowaletea. Wa kumi na mbili ni Clair, mpishi. Mimi nalowa, wao wanapigwa picha.

Kituo cha vituo ni Jiwe la Mimbari. Limeinuka kama mimbari ya kanisa, juu ya mwanya ambao kulungu wa mlima mzima hupitia. Hukaa pale nahodha wetu, mzee Irvin Fetterolf, baba mkwe wangu, miaka sabini na tisa. Leo mezani amesema pumzi zimemwishia. Huu ndio mwaka wake wa mwisho. Jumamosi, chakula cha jioni, atamtaja wa kurithi Mimbari.

Majina hakutaja. Lakini mabinti anao wawili tu. Mkubwa nilimwoa mimi. Mdogo aliolewa na Lamar Zerbe.

Lamar, mwanyumba wangu. Ana miaka hamsini na moja na meno yote ni yake mwenyewe. Zaidi ya hapo sina la kumsifia.

Tatizo ni ukuta. Sheria ya kambi: anayefyatua akakosa, anakatwa pindo la nyuma la shati kwa mkasi wa kondoo, pindo linaandikwa jina na mwaka, linapigiliwa misumari juu ya jiko. Mapindo yangu yako tisa. Ya Lamar hakuna. Clair anasema akipata moja tu zaidi la kwangu atashona shuka ya kitanda.

Kwa hiyo goti. Mtu wa goti bovu haswagi. Mtu asiyeswaga atakaa kituoni. Akikaa kituoni ataua. Hesabu ya mtoto wa shule.

Jumatatu, 2 Desemba

Siku ya kufungua msimu. Kila mtu alijikalia kivyake, hakuna msako. Sikuona kulungu. Niliona kindi.

Saa nane kamili goti likaanza. Nilirudi nikichechemea, nikaishika meza, nikavuta hewa kwa meno. Baba mkwe akanitazama muda mrefu. Akasema, "Pole, mkwe." Sauti ya huruma kabisa. Nikajiona tayari niko juu ya jiwe.

Kisha akauambia umati kwamba njia za kwenda vituoni zina mwinuko mkali kuliko bonde, goti la namna hii haliziwezi. Kuanzia kesho mimi ni msaidizi wa Clair jikoni.

Lamar alinigonga bega. "Mwanyumba, usisahau kuyatoa macho ya viazi. Mzee hapendi kiazi kinachomwangalia."

Wote wakacheka. Hata Clair, ambaye ni mtu wa dini.

Jumanne, 3 Desemba

Nimemenya viazi sitini na vinane. Nimezisikia bunduki kwa mbali. Mlio mmoja ulikuwa wa Lamar. Walimweka kituoni kwenye nafasi yangu. Yaani ile ambayo ingekuwa yangu. Dume lenye pembe za matawi manane, limetundikwa mbele ya dirisha la jikoni, ulimi nje. Nilimenya huku linanitazama.

Faida moja: sheria ni dume moja kwa mtu kwa msimu. Lamar sasa ataswaga tu mpaka Jumamosi. Nitamwona akilowa.

Hasara: Clair ana macho. Aliniacha nipeleke ndoo ya maji, kisha akasema polepole, kama anayeuliza chumvi, kwamba jana nilichechemea kushoto na leo nachechemea kulia.

Nikamwambia ugonjwa unahama.

"Njia ya mwongo ni fupi, Wendell," akasema. "Yako hata haijanyooka."

Tumeelewana. Hatasema neno. Nami nitampa kipande changu cha pai ya molasi kila jioni hadi Jumamosi. Anapaka goti langu dawa ya farasi mbele za watu ili nipone kwa heshima. Ngozi imetoka malengelenge. Sasa goti linauma kweli, na siwezi kulitaja.

Jumatano, 4 Desemba

Nimepona. Nimerudi kwenye mstari. Lamar aliuliza kama ni Bwana aliyenigusa au ni viazi.

Niandike jinsi tunavyoswaga, maana ndimo mpango mpya ulimotoka. Kila mswagaji ana sauti yake, na lazima aitoe kila hatua ishirini. Lamar hupiga mbinja. Mwingine hugonga sufuria. Mimi hubweka kama mbwa. Nilipewa mbweko mwaka 1953 na hawajawahi kuniuliza kama naupenda. Sauti hizi zinawatisha kulungu, zinaunyoosha mstari, na zinawaambia walioko juu sisi tuko wapi. Baba mkwe hainui bunduki mpaka azisikie zote saba. Mwaka 1951 kambi ya jirani ilirudi nyumbani na mtu mmoja pungufu. Tangu siku ile anahesabu.

Nilitumbukia kinamasini hadi kiunoni. Niliendelea kubweka. Lamar, hatua sitini kushoto kwangu, akapaza sauti kwamba mbwa wetu ameanza kuogelea.

Ila nikiwa matopeni niliona jambo. Dume kubwa, matawi kumi, labda zaidi, halikukimbia mbele kama wajinga wenzake. Lilijipenyeza nyuma yetu, likavuka tuta la reli ya zamani, ile iliyong'olewa vyuma, likapotea. Lina akili. Nimefurahi kukutana na mwenzangu.

Mtu akikaa kwenye lile tuta badala ya kuswaga, analipata. Mtu akilileta kambini dume la matawi kumi, nani atampa Lamar Mimbari?

Jumatano iliyobaki nimekaa kwa utulivu wa mtu anayejua.

Alhamisi, 5 Desemba

Kabla ya mpango, niliona nimlainishe mzee. Niliamka wa kwanza, nikaweka buti zake karibu na jiko zipate joto. Buti za miaka thelathini. Alizinunua mwaka mke wangu alipoanza shule ya juu.

Nilikaa kidogo kuwaza jinsi atakavyonishukuru. Niliwaza sana. Harufu ndiyo iliyoniamsha. Soli ya kulia ilikuwa imejikunja kama kipande cha nyama kwenye kikaango.

Hakugomba. Aliinua kiatu, akaangalia mwanga wa dirisha kupitia tundu. "Mkwe," akasema, "bidii unayo. Hiyo ndiyo inayonitisha." Akavaa buti za Clair, kubwa kwake kwa namba mbili, amejaza magazeti mbele.

Lamar alimletea soksi za ziada. Bila shaka.

Baada ya chakula mzee aliketi na penseli, akaandika orodha ya kesho, nani kituo gani, asubuhi na alasiri, akaichomeka kwenye msumari mlangoni. Wengine walikwenda kuisoma. Mimi sikujisumbua. Miaka ishirini na miwili jina langu liko mahali pale pale.

Ijumaa, 6 Desemba

Nitaandika kwa utulivu.

Tulianza msako saa tatu asubuhi. Theluji mpya, hakuna upepo. Nilibweka mara nne, vizuri, kwa moyo. Kisha nikanyamaza, nikajitoa kwenye mstari, nikaenda nimeinama na bunduki yangu hadi kwenye tuta la reli. Nyuma nilimsikia Lamar akiita, "Wendell? Mwanyumba, uko wapi?" Sikujibu. Mtu aliyejificha hajibu.

Nililala kifudifudi. Nilingoja. Mbinja ya Lamar ikapanda mlima bila mimi.

Kilichotokea huko juu nimekijua baadaye. Dume lilikwenda mbele safari hii. Lilifika kwenye mwanya, likasimama ubavu mbele ya Mimbari, hatua arobaini. Baba mkwe aliinua bunduki ikafika nusu ya bega. Akahesabu. Sita. Akangoja. Akahesabu tena. Sita. Akaishusha. Dume likamtazama, likageuka, likashuka kupitia tundu kwenye mstari lililokuwa kimya. Tundu langu.

Likaja moja kwa moja kwangu. Niliona pembe kwanza, kisha shingo, kisha sikuona kitu kwa kuwa miwani ilikuwa imepata ukungu. Nikafyatua. Dume liliruka tuta kwa dharau, kama mtu anayeruka kidimbwi.

Nilijua nimekosa, lakini nilitafuta damu. Mtu lazima atafute. Nilikuwa nimepiga magoti nachambua theluji niliposikia jina langu. Baba mkwe. Alikuwa amesikia bunduki mahali ambapo bunduki haikupaswa kuwa, na mtu mmoja hana sauti. Alikuwa ameshuka kutoka Mimbari peke yake na zile buti za Clair. Aliita mara tatu. Mara ya tatu haikuwa sauti ya nahodha.

Sikujibu. Ningejibu, ningelazimika kueleza.

Lamar ndiye aliyemkuta. Ameketi kwenye theluji chini ya jiwe, buti moja imemtoka mguuni, mkono kifuani, midomo ya bluu. Swali la kwanza mzee aliloliuliza ni kama mimi ni mzima.

Lamar alinikuta mimi pia. Hakunitania. Alisema tu, "Njoo ubebe."

Tulimbeba juu ya mlango wa banda la kuni, watu wanne. Upande wangu ulikuwa mzito zaidi, naamini.

Jumamosi, 7 Desemba

Daktari alikuja kutoka mjini jana jioni. Moyo umechoka. Atapona, lakini milima basi. Mzee amekataa kushushwa kabla ya chakula cha leo. Alikaa kwenye kiti karibu na jiko, blanketi hadi kidevuni.

Kwanza pindo. Kwa kawaida Lamar ndiye mkataji. Leo mzee aliuomba mkasi mwenyewe. Nilimpa mgongo. Alichukua muda mrefu.

"Jana nilidhani nashuka kwenda kukuokota, mkwe," alisema nyuma yangu. "Kumbe kitambaa tu. Nashukuru ni kitambaa."

Alikata mpaka karibu na mabega. Shati zima limeharibika.

Kisha akasema Mimbari ni la Lamar. Lamar alijibu kwamba hataki, si kwa namna hii. Mzee akamwambia mtu hachagui namna. Wakapeana mikono. Niliwapigia makofi. Nilikuwa wa mwisho kuanza na wa mwisho kuacha, ili iwepo kwenye kumbukumbu.

Clair amepigilia pindo la kumi. Hakusema neno juu ya shuka. Wakati wa kufunga mizigo alinirudishia kipande kimoja cha pai kati ya vyote nilivyomlipa, amekifunga kwenye karatasi aliyoing'oa mlangoni. Akasema nikifika nyumbani niisome. Nadhani alitaka kusema niile. Amezeeka.

Jumapili, 8 Desemba

Nyumbani. Mke wangu Arlene aliuliza habari za baba yake kwanza, ndipo akaona mgongo wangu. Alichukua gari, akaenda kumwona. Hajarudi. Nimekula pai.

Nimefikiri kwa kina na bila hasira. Kosa langu lilikuwa moja: mzee anahesabu. Mwakani Mimbari lina Lamar, na sikio la kushoto la Lamar halisikii vizuri tangu jeshini. Hawezi kuhesabu saba hata akitaka. Kwa hiyo mwakani nitajitoa kwenye mstari mapema zaidi, baada ya mbweko wa pili. Na nitafuta miwani.

Daftari limefika mwisho, ukurasa huu ndio wa mwisho, basi ramani ya mpango nimeichora kwenye karatasi ya pai. Tuta, kinamasi, mshale wa dume, alama ya mimi. Imetoka vizuri. Nilipoigeuza nione kama wino umepenya, nikakuta penseli ya Baba mkwe. Ni ile orodha yake ya Ijumaa.

Asubuhi, mimi nimo kwenye waswagaji, mahali pale pale. Chini yake: "Alasiri. Mimbari: Wendell, tumwone. Mimi nitaswaga nafasi yake, polepole. Nitabweka."

Alasiri ile hatukuwinda.